Usiniulize Kompyuta Ina Ramu Ngapi, Niulize Inakula Wapi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Ngamiani, Tanga, mbele ya vijana wanaojifunza ufundi wa kompyuta na wenye stesheneri wachache waliokuja. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, nikakaa usiku nikayaandika karibu kama yalivyotoka, nimeacha tu pale bodaboda zilipotupigia kelele tukasubiri zipite.

Asalaam aleikum, na wengine wote habari za asubuhi. Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni. Vijana hamjambo.

Mie leo nimekuja kuzungumzia kitu kimoja tu, hiki hapa mezani. Kiboksi cha chuma, kina feni, kina soketi ya waya wa umeme nyuma, na mbele zinatoka nyaya nyingi kama utumbo. Pawa saplai, ndo inayochukua umeme wa ukutani na kuilisha kompyuta. Kila desktopu inayo. Mteja akija kununua mashine anauliza ramu ngapi, hadi diski (ile ya kuhifadhi mafaili) kiasi gani, prosesa gani, skrini inchi ngapi, na akimaliza hapo anaanza kupatana bei. Miaka yote niliyofanya kazi hii, walioniuliza pawa saplai yake ni gani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Halafu mashine zikifa zinaletwa kwangu, na ukizifuatilia kwa subira nyingi sana utakuta maradhi yalianzia humu ndani ya hiki kiboksi, kisha yakahamia mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, yakahamia kwenye hadi diski, na mwenye mashine anasema "mazabodi imeungua" kama vile mazabodi imeamka tu asubuhi ikaamua kuungua.

Nianze na lililonipata mwenyewe maana ndilo lililonifundisha.

Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi, meza yangu iko barazani kwa mjomba wangu. Akaja mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa heshima zake, kaniletea desktopu aliyotumiwa na mwanawe kutoka Marekani. Imefungwa vizuri, safi, haina hata mkwaruzo. Nikachukua waya, nikachomeka. Hata sekunde haikuisha, ukapiga mlio kama fataki, sakiti breka ya nyumba nzima ikaanguka, na ukatoka moshi mweupe una harufu kama ya samaki aliyelala. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na yale mafaili ya humo?" Hilo swali mpaka leo nalisikia.

Sababu ilikuwa swichi nyekundu. Ndogo, iko nyuma ya pawa saplai pembeni ya soketi, unaisogeza kwa ncha ya bisibisi, upande mmoja imeandikwa 115 na mwingine 230. Wamarekani umeme wao wa majumbani ni kama volti 120, sie huku ni 230. Ile swichi ilikuwa kwenye 115. Sasa sikilizeni ilivyofanya kazi, maana watu wanadhani ni kwamba "umeme ulizidi" basi. Ndani kuna kapasita, vidude vya kushika umeme kwa muda, mbili kubwa zimeshikana mkia, kila moja imeandikwa volti 200. Swichi ikiwa kwenye 230 zinagawana mzigo, kila moja inabeba kama volti 163, iko salama. Ukiiweka kwenye 115 saketi inabadilika, inakuwa inaongeza umeme mara mbili ili mashine ya Marekani ipate volti zilezile ndani. Wewe ukija na 230 yako ya Tanga juu ya hiyo, kila kapasita inapewa volti 325 wakati uwezo wake ni 200. Lazima ipasuke. Bahati ya Mungu kilichopasuka kilikuwa upande wa umeme mkubwa, hadi diski haikuguswa, mafaili ya mwalimu nikamtolea yote. Lakini pawa saplai nililipa mie.

Za siku hizi nyingi hazina hiyo swichi, zimeandikwa 100-240 na zinajitambua zenyewe. Ila mitumba inayoshushwa hapa bado utaziona. Kabla hujachomeka mashine usiyoijua, geuza nyuma uangalie. Mie naangalia mpaka leo, hata mashine niliyoitengeneza jana.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe. Kuna volti, kuna ampea, kuna wati, na nataka mtoke hapa hamvichanganyi tena. Chukulia tenki la maji juu ya paa. Tenki likiwa juu sana maji yanasukuma kwa nguvu, huo msukumo ndo volti. Maji yanayopita kwenye bomba kwa wakati huo, hayo ndo ampea. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani kazi yenyewe inayofanyika. Kompyuta inayokula wati 230 inavuta ukutani ampea 1 tu. Lakini ndani, umeme ukishashushwa kuwa volti 12, wati zilezile 230 zinataka ampea 19 na ushee. Ndo maana waya mmoja mwembamba unaingia nyuma halafu mbele unatoka mshipi wa nyaya. Waulize watu kwa nini pawa saplai ina nyaya nyingi hivi, watakwambia "kwa ajili ya vifaa vingi". Ni kweli lakini nusu, nyingine ni kwamba ampea ni nyingi na waya mmoja ungechemka.

Na ile unit mnayonunua ya LUKU ni wati 1000 kwa saa moja. Kompyuta ya ofisini inayokula wati 100 inamaliza unit moja kwa masaa 10. Pasi ya wati 1000 inaimaliza kwa saa moja. Kwa hiyo ukiona unit zinakimbia stesheneri usianze na kompyuta, anza na mashine ya fotokopi na feni zinazolala zimewashwa.

Umeme wetu tunauona wa kawaida kwa sababu uko karibu, maporomoko ya mto Pangani tunayo hapahapa mkoani, Hale inatoa umeme tangu 1964, mitambo yake ni megawati 21, na chini yake kuna New Pangani Falls ya megawati 68. Siku hizi unaingia kwenye gridi ya taifa unachanganyika na mwingine wote. Sasa huo umeme ukifika ukutani kwako unageuka mwelekeo, unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Taa haijali, pasi haijali. Kompyuta haiwezi kula hivyo. Kompyuta inataka umeme unaokwenda upande mmoja, mdogo, volti 12, volti 5, volti 3.3, na utulie kama maji kwenye bakuli.

Wazee mlioko hapa mtanisaidia. Mnakumbuka bandari yetu ilivyokuwa, meli kubwa inatia nanga huko nje maana kina cha gatini hakikutosha, mzigo unashushwa kwenye matishari, matishari yanakuja gatini yanarudi, yanakuja yanarudi, mpaka meli inakuwa tupu. (Wazee wakasema ndiyo, mmoja akasema yeye alifanya kazi hiyo.) Sasa hivi kina kimechimbwa meli zinafunga gatini, lakini ile kazi ya matishari ndo kazi ya pawa saplai. Volti 230 ni meli. Haiwezi kuingia kwenye mazabodi. Lazima mzigo ukatwekatwe uletwe kwa vyombo vidogo.

Inavyokwenda ni hivi. Umeme ukiingia unakutana na fyuzi, kisha na kichujio, vikoili na vikapasita vya kuzuia uchafu usiingie na uchafu wa pawa saplai yenyewe usirudi kwenye nyaya za nyumba ukaharibu redio ya jirani. Halafu kuna dayodi nne zimepangwa daraja, zinaunyoosha umeme uende upande mmoja. Hapo volti zinakuwa kama 325, msishangae, ile 230 tunayosema ni kama wastani tu, kilele cha wimbi lenyewe kiko 325. Zinaingia kwenye kapasita kubwa, ile pipa. Na hapa nawaomba sana, sana vijana, hilo pipa linashika umeme hata ukishachomoa waya. Usifungue hiki kiboksi ukatia kidole kwa sababu "nimeshachomoa". Mashine imelala na umeme uko tumboni.

Baada ya pipa ndo matishari yenyewe. Transista, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme wenyewe, zinakata ule umeme, washa zima washa zima, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, nyingine laki moja na zaidi, na kila kipande kinapita kwenye transfoma. Angalieni hii transfoma, nimeitoa kwenye pawa saplai mbovu, imezidi kiberiti kidogo tu. Na hii nyingine nimeitoa kwenye redio ya zamani ya mzee wangu, ishike, si umeona, nzito kama jiwe la kusagia, na inatoa wati chache kuliko hii ndogo. Kwa nini? Ya redio inafanya kazi kwa kasi ya ukutani, mara 50 kwa sekunde. Tishari likienda safari 50 lazima liwe kubwa libebe mzigo wote, likienda safari laki moja kwa muda uleule ngalawa inatosha. Hiyo ndo siri yote ya pawa saplai za kisasa, na ya chaja ya simu yako pia. Kompyuta ya Apple II iliyotoka 1977 ilikuja na pawa saplai ya namna hii, iliyobuniwa na Rod Holt, haikuwa na feni wala haikuhitaji, na tangu hapo kompyuta za mezani zikaelekea njia hiyo.

Upande wa pili umeme unanyooshwa tena, unachujwa tena, unatoka. Na kuna kitu kimoja humu mie nakipenda sana. Lazima kuwe na anayechungulia volti 12 zinazotoka, zikishuka aambie transista zile ziongeze, zikipanda zipunguze. Lakini upande wa umeme mkubwa na upande wa kompyuta havitakiwi kugusana kwa waya hata kidogo, vikigusana unayeshika kibodi unaweza kufa. Sasa habari inavukaje? Inavuka kwa mwanga. Kuna kidude cheusi kidogo kuliko punje ya hindi, ndani yake upande huu kuna kitaa na upande ule kuna jicho, kitaa kikiongeza mwanga jicho linajua. Waya hakuna. Aliyefikiria hivyo alikuwa anamfikiria mtu anayekaa mbele ya kompyuta.

Rangi za nyaya mzishike kichwani. Njano volti 12, nyekundu volti 5, machungwa 3.3, nyeusi ni sifuri. Zambarau ni volti 5 ambazo hazilali hata ukishashatdauni. Kijani ni ya kuamsha, mazabodi ikiigusisha na nyeusi pawa saplai inaamka, na ndo ule mtihani mnaofanya wa kipande cha waya kutoka kijani kwenda nyeusi, feni ikizunguka mnasema nzima. Si kweli. Feni kuzunguka ni kwamba imeamka, haijakwambia ina nguvu. Pima kwa mita ya kupimia volti, pawa saplai ikiwa na mzigo. Njano isipungue 11.4 wala isizidi 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Kijivu ni waya wa "niko tayari", pawa saplai ikiwaka inajisikilizia kwanza, sehemu ya kumi ya sekunde mpaka nusu sekunde, ikiona volti zimetulia ndo inapeleka habari kwa kijivu na mazabodi inaanza. Mfumo huu unaitwa ATX, kampuni ya Intel waliutoa 1995, kabla yake swichi ya mbele ilikuwa inakata umeme wa ukutani moja kwa moja. Kwa hiyo siku hizi kushatdauni si kuzima, ile zambarau iko hai. Unataka kugusa ramu, chomoa waya. Na nyingine mpya zina nyaya nyeusi tupu, hapo unakwenda kwa nafasi ya pini, siyo rangi.

Sasa matatizo yetu ya hapa.

La kwanza umeme mdogo. Jioni watu wamerudi, kila nyumba friji na pasi, uko mwisho wa laini, mita inasoma 170, inasoma 150. Watu wanasema umeme mdogo hauunguzi, unaounguza ni mkubwa. Kwa taa ya zamani ni kweli, inafifia tu. Pawa saplai haifanyi hivyo. Yenyewe imeambiwa itoe wati 300 itatoa wati 300, msukumo ukipungua inavuta ampea zaidi. Kwenye volti 230 inavuta ampea 1.3, kwenye 150 inavuta ampea 2. Na joto la kwenye nyaya na transista haliongezeki kidogokidogo, linakwenda kwa ampea mara ampea, yaani hapo joto limeshazidi mara mbili. Inachemka kimya kimya wiki tatu, halafu siku moja haiwaki, na siku hiyo umeme ulikuwa mzuri kabisa kwa hiyo hakuna anayejua sababu. Weka stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, kama mtaa wako uko hivyo.

La pili umeme kukatika, na hapo hatari ni ukirudi kuliko ukiondoka. Unarudi mtaa mzima mafriji yote yameng'ang'ania kuanza kwa pamoja, unacheza, juu chini juu chini. Umeme ukikatika nenda ukutani zima soketi, ukirudi subiri dakika kama tano. Hili halina gharama hata shilingi.

Na kuna kupepesa, taa inafumba na kufumbua. Lile pipa la kapasita linatakiwa kuishikilia mashine kama milisekunde 16 hivi, wimbi moja zima la umeme wetu ni milisekunde 20, kwa hiyo pawa saplai nzima inavumilia mpepeso mdogo. Mashine yako ikianza kurestati kila taa ikipepesa na zamani ilikuwa hairestati, moja ya vitu vya kushuku ni kapasita zimechoka. Usingoje ife.

Pawa saplai za wati za uongo, hizo ndo zinaniuma. Nimekuja na moja, angalieni lebo, 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Sasa shukeni chini kwenye jedwali dogo, mstari wa volti 12 wameandika ampea 16. Nani atazidisha? (Binti mmoja akasema 192.) Mia moja tisini na mbili, mwanangu umepata. Na kompyuta ya leo prosesa na kadi ya picha vyote vinakula kwenye volti 12, kwa hiyo hii umeuziwa 500 ukapewa 192. Niliipeleka kwenye mizani ya jirani yangu muuza dagaa haikufika kilo moja. Nikaifungua, pale penye nafasi ya vikoili vya kichujio wameunganisha kwa kipande cha waya, nafasi za kapasita ziko tupu, matundu tu yanakuangalia. Hii aliletewa kijana mwenye sehemu ya kuchezea gemu, akaweka kadi ya picha inayohitaji ile plagi ya pini 8 ambayo peke yake inaruhusiwa kuvuta wati 150, na kadi yenyewe inavuta nyingine mpaka 75 kutoka kwenye mazabodi. Pawa saplai ilikufa ikaondoka na mazabodi na kadi kwa pamoja. Kadi aliinunua kwa kuweka akiba miezi saba.

Kwa hiyo ukinunua soma ampea za volti 12 uzidishe mwenyewe. Shika mkononi, nyepesi iogope. Angalia kama ina alama ya 80 PLUS, ni mpango ulioanza 2004 wa kupima kwamba umeme unaoingia angalau asilimia 80 unatoka kuwa kazi badala ya joto, na wanaofika huko kwa kawaida hawajaruka kichujio. Alama nayo inaghushiwa, ndiyo, kwa hiyo usiiamini peke yake. Na mitumba ya mashine za ofisi zenye majina, pawa saplai yake imeandikwa wati 240 tu lakini ni 240 za kweli, mie nitaichukua hiyo kabla ya 500 hii ya dhahabu.

UPS, kile kiboksi cha betri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, nasema haraka. Imeandikwa 650, hizo ni VA, yaani volti mara ampea ambazo si zote zinageuka kazi, siyo wati, wati zake mara nyingi ni kama 360. Betri ndani ni ndogo, ni ya kukupa dakika za kusevu kazi na kuzima vizuri, siyo ya kuendelea na biashara. Na printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata siku moja, ina hita ndani, inavuta kwa mkupuo.

Chaja za laptopu, volti lazima zifanane na za laptopu, ampea zikizidi hazina neno, zikipungua chaja inaweza kuungua. Basi.

Bahari nayo. Tunaipenda lakini upepo wake una chumvi. Mashine za Raskazone na Chumbageni ninazofungua naziona tofauti na zinazotoka Korogwe, mbali na bahari, pini zimeota kijani, skrubu zina kutu, vumbi limeshikana na unyevu limekuwa tope kwenye feni. Tope la chumvi linapitisha umeme. Pulizeni kwa blowa kila miezi mitatu, hamna haja ya kufungua pawa saplai yenyewe, pulizia kwenye matundu huku umeshika feni isizunguke. Na mzibe matundu ya nyuma ya kesi, yale ya kadi yanayoachwa wazi. Mjusi kafiri anaingia kutafuta joto usiku. Nimewatoa wengi wamekaukia kwenye pawa saplai, wamegusa pande mbili, shoti, na wao na mashine.

Nimeacha athi, yaani waya wa ardhi, mwisho kwa makusudi kwa sababu hii inaua watu. Plagi yetu ina miguu mitatu, wa moto unaoleta umeme, nyutro unaourudisha, na ule mrefu wa juu ndo wa ardhi. Ule mrefu ndo unafungua vifuniko vya matundu mengine mawili. Sasa zinakuja kompyuta za mtumba kutoka Ulaya, waya una plagi ya miguu miwili ya duara, athi yake iko ubavuni, vibati viwili. Mtu anachukua kalamu ya biki, anaichomeka tundu la juu, vifuniko vinafunguka, anasukuma plagi, mashine inawaka. Kila mtu hapa ameshafanya. Mashine inawaka lakini haina athi.

Mnakumbuka kile kichujio cha mwanzo? Kina vikapasita viwili, kimoja kutoka waya wa moto kwenda kwenye bati la kesi, kingine kutoka nyutro kwenda kwenye bati hilohilo. Athi ikiwepo uchafu unapita hapo unakwenda ardhini. Athi isipokuwepo, bati linabaki katikati ya vikapasita viwili, na katikati ya 230 na sifuri ni 115. Kesi yako nzima inakaa kwenye volti mia na kitu. Umeme wenyewe ni kidogo sana, unausikia kama mtetemo, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Kwa mashine nzima hautakuua. Lakini siku waya wa moto ukichubuka ndani ukagusa bati, athi ingeupeleka ardhini na breka ikaanguka, bila athi unangoja wewe uliyesimama peku kwenye sakafu ya simenti.

(Hapo mama mmoja mwenye stesheneri akanyanyua mkono. Akasema, "Mwanangu, ya kwangu inaniuma vidole kila nikigusa nyuma kuchomeka flashi, na mie nilidhani ni presha." Ukumbi ukanyamaza. Nikamwambia shangazi, tukitoka hapa tunakwenda wote.)

Maswali yalikuwa mengi, naandika moja tu. Kijana kauliza kama anaweza kujifunza kubadilisha kapasita za pawa saplai mwenyewe. Nikamwambia anaweza, lakini si mwaka huu. Kwanza ajifunze kupima akiwa nje ya kiboksi, kisha afungue akiwa na fundi pembeni, kapasita ishushwe umeme polepole kwa rezista, kidude cha kuzuia mkondo, siyo kwa bisibisi kama tunavyoonyeshana, ile cheche inakula pini na inaruka machoni.

Mchana tukaenda kwa shangazi, mie na vijana wanne kwa baiskeli. Nikaweka mita, waya mmoja kwenye bati la kesi mwingine kwenye nondo iliyochomoza ardhini nje ya mlango. Volti 108. Plagi yake ilikuwa ya miguu mitatu sawasawa, haina kosa, kalamu hakuna. Tukafuata waya wa athi wa jengo kutoka meni swichi, unapita ukutani, unatoka nje, umefungwa kwenye bomba la maji. Bomba la chuma, futi moja. Chini yake bomba lilishabadilishwa, lote la plastiki mpaka barabarani. Nani alibadilisha na lini hakuna anayejua, athi ya jengo zima imening'inia hewani na maduka manne yanakula hapo.

Jumatatu akaja fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wapangaji walichanga. Alipiga fimbo ya shaba ya futi nne nyuma ya jengo pale penye ardhi yenye unyevu karibu na mwembe, akavuta waya mpya mpaka meni swichi, akapima. Mie nikaweka mita yangu palepale pa juzi, ikasoma chini ya volti moja. Shangazi akavua kandambili, akakanyaga simenti, akaweka kiganja chote nyuma ya kompyuta akakiacha hapo.